Bastola ya Karafuu

Ijumaa iliyopita, sokoni Nizwa, niliona bastola fupi ya kizamani kama ya babu, nikainusa. Ilinuka chuma tu.

Alasiri moja ya utotoni mwangu, kule Ibra, babu aliisugua ya kwake kwa mafuta ya nazi mpaka kutu yote ikatoka, akatia risasi, akaenda kuoga. Alikuwa anajiandaa kumwendea jirani aliyemkatia maji ya falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba. Bibi, mzaliwa wa Unguja, akazitoa risasi polepole, akajaza karafuu. Nikadhani watu wa Unguja ndivyo wanavyopigana, nikamwonea huruma jirani.

Babu akaichomeka kiunoni, akatoka. Alirudi magharibi na kikapu cha tende alichopewa na jirani, akaiweka bastola mapajani mwa bibi.

"Nilijua tangu mlangoni, Bi Zuwena," akasema. "Nani agombane huku ananukia kama bibi harusi?"