Nilimwambia Gari Letu Ndilo Linatoka Kwanza

Admin, nifichie jina, maana ninaowakatia tiketi ndio hao hao wanaosoma ukurasa huu. Nina miaka thelathini na moja, ni mke wa mtu, naishi Chanji hapa Sumbawanga. Kazi yangu ni kukatisha tiketi stendi, magari yanayoshuka bondeni, Mtowisa na kuendelea.

Kazi yetu ina uongo wake na sote tumeuzoea. Gari haliondoki mpaka lijae, lakini abiria akiuliza linatoka saa ngapi, jibu ni moja: "Sasa hivi, zimebaki siti mbili." Nimelisema hilo miaka sita na usingizi nilikuwa napata vizuri tu.

Mwezi uliopita asubuhi alikuja mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani, mtu mzima, na kikapu chake. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Binti yangu kazidiwa kule Mtowisa, nataka gari la kuwahi. Nipande lenu au lile pale?"

Lile pale lilikuwa limebakiza watu watatu lijae. Letu lilikuwa na abiria watano tu. Nikamjibu, "Lile bovu mama, wanasubiri fundi. Panda letu, ndilo linatoka kwanza." Nikampa siti ya mbele, nikajiona nimemtendea wema.

Lile lingine likaondoka saa tatu. Mama akalitazama, akaniambia, "Kumbe fundi kashafika." Hakuwa na hasira hata kidogo. Letu lilitoka saa nane mchana. Alipofika, binti yake alikuwa ameshafariki, na waliomuuguza wanasema tangu mchana alikuwa anauliza kama mama amefika.

Jamani, naumia. Kila tukikutana jumuiya ananitaja kwenye maombi, kwamba nilimsaidia siku ile ngumu. Juzi kaniletea unga wa ulezi. Upo jikoni, sijaugusa. Mume wangu ananiuliza nina nini, hata yeye nimeshindwa kumwambia.

Wiki ijayo ni arobaini ya marehemu. Jana mama alikuja nyumbani, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, siku hiyo sitaki kuchelewa misa. Gari utanichagulia wewe, maana hao wengine pale stendi ni waongo."

Nikimwambia ukweli namuongezea msiba. Nikinyamaza, nitamkatia tiketi kwa uso gani? Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini?