Auleria Achagua Pikipiki ya Theluji

Haya nitakayowaandikia hamtayaamini, na wala sitawalaumu. Nisingekuwa mtu wa ndani wa habari hii, hata mimi ningesema mwandishi kapigwa na jua. Lakini ndivyo yalivyo: hapa Dubai, mji ambao mwezi wa saba ukisahau yai juu ya boneti unarudi unakuta chapati ya mayai, yuko binti wa Kitanzania ambaye kazi yake ni kuendesha pikipiki juu ya theluji.

Jina lake Auleria. Kwao ni Rombo, ubavuni mwa Kilimanjaro. Theluji ya mlima ule aliiona kila asubuhi akitoka kufagia uwanja, kama wewe unavyouona mwezi. Na aliwahi kuigusa kama wewe ulivyowahi kuugusa mwezi.

Sasa aliipataje kazi ya theluji? Hapo ndipo anapoingia mjomba wake, mtu mzima mwenye sura ya kupendeza na akili nyingi kiasi kwamba shule ilimshindwa darasa la sita, akaiachia wengine. Mjomba huyu anaendesha foklifti kwenye ghala moja kule Al Quoz. Auleria alikuwa mfagiaji wa mall, akasikia kwamba lile jumba la theluji, lile banda kubwa lenye mlima ndani na kioo ambacho watu hukaa nyuma yake wakila chipsi, linatafuta watu. Akamwendea mjomba.

"Watakuuliza kama unaijua theluji," mjomba akamwambia. "Waambie umezaliwa chini yake."

"Mjomba, huo si uongo?"

"Uongo uko wapi? Mlima uko juu, nyumba ya baba yako iko chini. Au ulizaliwa kileleni?"

Basi akasema hivyo hivyo, na mabwana waliomhoji wakatikisa vichwa kwa heshima. Siku ya kwanza alipokanyaga theluji alianguka hata kabla hajapiga hatua. Miaka ya mwanzo alikaa dirisha la viatu, kazi yake kuwapa wageni mabuti na kuyapokea yakirudi na harufu ya mataifa yote. Lakini binti ni mbishi. Kila mapumziko yeye yuko mlimani, anaanguka, anainuka. Mwishowe akaingia kwenye kikosi cha uokoaji. Mgeni akivunjika mguu, Auleria anakuja na pikipiki, nyuma kafunga machela ya kuteleza, mwenzake Irene, Mkenya wa Nakuru, anaishikilia, na mgonjwa anapelekwa zahanati. Zahanati yenyewe iko juu ya mlima, mlango wa kule mwisho, maana aliyelichora jengo hakuwahi kuvunjika kitu.

Na kazi hiyo Auleria aliipenda. Usimwone mpole. Akiwa juu ya ile mashine, na kofia yake nyekundu, alijisikia mtu ambaye akiitwa ni kwa sababu anahitajika.

Sasa ile pikipiki ya zamani ikafa. Ilikufa katikati ya mlima, betri imekwisha, na nyuma yake yuko mtoto wa kike, mgeni, mguu umepinda, analia kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua. Auleria na Irene wakajifunga kamba mabegani, wakaikokota machela kama punda wawili, mtoto kashikilia skafu ya Auleria hakuiachia mpaka mlangoni. Walifika. Lakini usiku ule, nilivyoambiwa, Auleria alikula ugali bila kuuona.

Msimamizi wao anaitwa Tamim. Familia yake ni ya Unguja lakini yeye kazaliwa hapa hapa, na Kiswahili chake bado kina karafuu. Akawaita.

"Auleria, kampuni inanunua pikipiki mpya. Wakala ataleta mbili, tuzijaribu. Wewe ndo mtu wa theluji hapa, basi utachagua wewe."

"Mimi, sir?"

"We. Lakini n'sikilize vyema. Wakubwa wamechoka. Na hii nayo ikituaibisha, kazi ya uokoaji watapewa watu wa nje. Wewe na Irene mtarudi kwenye viatu. Sipendi, lakini ndivyo walivyosema, khalas."

Hapo Auleria alitamani kukataa. Maana yeye anajua kuendesha, kuchagua hajui. Na sababu ya kuulizwa yeye ni ule mlima wa kwao, ambao theluji yake hajaigusa hata kwa kidole.

Jumapili akaenda Al Quoz, akamkuta mjomba mkahawani na karak yake, ile chai nzito ya maziwa. Akamweleza.

"Nguvu," mjomba akasema, hata hakungoja amalize. "Mashine ni nguvu, mwanangu. Hayo mengine ni mapambo. Mimi foklifti yangu ikinguruma, mpaka maboksi yanajipanga yenyewe."

"Na uzito je?"

"Uzito ni heshima. Umewahi kuona kitu chepesi kikiheshimiwa?"

"Na ikikwama?"

"Yenye nguvu haikwami," akasema mjomba, akaagiza karak nyingine kwa jina la Auleria.

Siku ya majaribio ikafika, asubuhi, kabla wageni hawajafunguliwa mlango. Wakala, bwana mmoja mnene mcheshi aitwaye Yaqoub, akazishusha mashine mbili. Moja nyeusi, kubwa, imekaa kama fahali aliyelishwa vizuri. Nyingine ya njano, ndogo, ya kiasi, kama ndama wake.

"Manze, hiyo nyeusi ni mnyama!" Irene akasema. "Auleria, si tuichukue tu twende zetu? Tutakuwa tunapita hapo kwa kioo kama wadosi, matajiri kabisa."

Tamim akavua viatu vyake vya ofisini, akavaa mabuti, akajilaza kwenye machela na kujifunga mikanda. "Mimi ndo mgonjwa. N'mevunjika miguu yote miwili. N'pelekeni zahanati."

Auleria akapanda nyeusi. Akageuza ufunguo, ikaitika. Akaigusa tu, ikaondoka kama imetukanwa. Mwinuko wa kwanza ikaumeza. Mwinuko wa pili ikaumeza. Kofia nyekundu inapaa, Irene nyuma anapiga vigelegele, na Auleria moyoni anasema, kumbe mjomba alikuwa na akili. (Neno hilo aliliwaza kweli, na lihifadhiwe.)

Halafu wakafika kwenye kona iliyo chini ya mlango wa zahanati. Pale ndipo mitambo ya darini humwaga theluji mpya kila siku, laini, haijashindiliwa. Auleria akapunguza mwendo asimtupe mgonjwa, kisha akaiongezea mafuta itoke. Nguvu zote zile zikashuka kwenye mkanda wa nyuma, ule unaozunguka badala ya gurudumu, mkanda ukachimba badala ya kwenda, na fahali akakaa kitako ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe.

"Nyanyua mkia!" Auleria akamwambia Irene. Wakashika vishikio vya nyuma. Wakavuta. Wakasukuma. Irene akaita majina ya watakatifu, kisha akaita majina mengine. Mashine haikutikisika.

"Mgonjwa anauliza," sauti ikatoka kwenye machela, "mmefika?"

"Bado kidogo, sir."

"Mgonjwa anaona baridi."

Ikabidi Yaqoub apande na tumbo lake, na watu wa dirisha la viatu waitwe, ndipo ikatoka. Auleria akasimama pembeni akifuta jasho linaloganda. Na mawazo yake hayakuwa pale. Yalikuwa kwenye njia ya soko la Mwika, huko kwao.

Mama yake alikuwa akiuza ndizi. Na wanawake wa kwao wana sheria moja, haijaandikwa popote lakini ukiivunja njia itakufundisha. Pale migombani watu ni wengi. Hata mkungu wa kutisha utatwikwa, huyu anashika huku, yule kule, ngata ikae sawa kichwani, nenda mama. Lakini njia ni ya mlima. Utachoka, utautua. Na hapo ulipoutua hakuna mtu wa kukutwika tena. Ndiyo maana kabla hujatoka unautua chini na kujitwika mwenyewe, wote wakikuangalia. Ukikushinda pale mbele ya watu, unaukata, unapunguza. Auleria, alipokuwa msichana, aliwahi kuiruka sheria hiyo kwa kujionyesha. Alikaa kando ya njia na mkungu wake mpaka soko likavunjika.

"Lete ya njano," akasema.

Ya njano ilipanda kwa kukoroma. Mwinuko wa pili mwendo ukapungua, ukawa wa bibi anayekwenda misa ya kwanza, lakini ikafika mlangoni na mgonjwa wake. Watu wakapiga makofi. Auleria hakushuka. Akaigeuza, akarudi kwenye shimo lile lile, akaiingiza kwa makusudi mpaka ikakaa.

"We, umerogwa?" Irene akauliza.

"Shika mkia. Yalla!"

Wakanyanyua wawili, wakaisogeza kando, ikatoka. Kisha akaizima, akaiacha imepoa kabisa huku wao wakinywa chai. Walipomaliza hakugusa ufunguo. Akaivuta kwa kamba ya mkono, kama jenereta. Mara ya kwanza ikakohoa. Ya pili ikawaka.

"Nyeusi ina kamba?" akamuuliza Yaqoub.

"Hapana, dada. Ufunguo tu. Betri ikifa unamwita fundi." Yaqoub naye alikuwa mtu wa haki. "Na nikwambie jingine, arbab wako, huyu bosi, asije akanichukia baadaye. Nyeusi ni imara, lakini injini yake inapozwa kwa theluji laini inayorushwa na mkanda. Hapa kwenu njia imeshindiliwa. Ukienda polepole na mzigo, inaweza kuchemka. Hii ndogo ina feni. Haijali."

Mambo yangeishia hapo, Auleria angekuwa kachagua. Lakini akamtazama Yaqoub toka juu hadi chini. "Sir Yaqoub, samahani. Lala na wewe kwenye machela."

"Mimi?"

"Wagonjwa wetu si wote wembamba."

Wakamfunga Yaqoub na Tamim pamoja, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule, soksi za kila mmoja zikisalimiana na pua ya mwenzake. Ya njano ikang'ang'ana, ikafika mwinuko wa pili, ikasimama. Ikateleza nyuma kidogo, ikasimama tena. Haikwenda.

Irene akanong'ona, "Mi nilikuambia, chukua mnyama."

Auleria akakaa juu ya kiti cha mashine, mikono kwenye mapaja. Ile ina nguvu, hainyanyuliki. Hii inanyanyulika, haina nguvu. Mkungu unaukata, mgonjwa humkati. Akaliona dirisha la viatu kule chini, na mabuti yamejipanga yakimngoja.

"Sir Yaqoub," akasema mwishowe, "hii ya njano haina dada? Umbo hili hili, feni hii hii, kamba hii hii, ila mkanda mrefu zaidi na injini iliyozidi kidogo?"

Yaqoub, bado kafungwa, akafikiri. "Iko moja ghalani. Ya kijivu. Hakuna anayeiuliza. Haina mbio, dada, watu huiita ya wazee."

"Kwani mgonjwa anashindana na nani? Mkia wake, wanawake wawili watauinua?"

"Watauinua. Kwa kukunja uso."

"Nyuso tunazo," Auleria akasema.

Ikaletwa kabla ya wageni kuingia. Ikapanda na mabwana wote wawili, polepole, bila kusimama. Ikatiwa shimoni, ikanyanyuliwa, kwa kukunja uso kweli. Ikaachwa ipoe, ikavutwa kamba, ikawaka.

"Hii, sir," Auleria akasema. "Ikitushinda, niandike mimi mwenye kosa."

Tamim akajifungua mikanda, akamtazama. "Hivi ndivyo mnavyochagua huko kwenu, kwenye theluji?"

Angeweza kusema ndiyo. Mjomba wake angesema ndiyo na kuongeza mfano. Yeye akasema, "Sir, hivi ndivyo tunavyochagua mkungu wa ndizi. Theluji ya kwetu sijawahi kuigusa. Kuigusa nimeigusia hapa."

Tamim akacheka mpaka akashika machela. "Bibi we! Siku yako ya kwanza nilikuwepo. Mtu wa theluji haanguki naye kasimama tu. N'lijua zamani." Kisha akaacha kucheka. "Nimekupa kuchagua kwa sababu ya yule mtoto. Wengine wangemwacha pale wakangoja fundi. Haya, andika jina lako, ya kijivu ni yako."

Na siku ya kwanza ile mashine ilipoitwa kazini, mjomba wake alikuwepo kwa macho yake. Yaani mimi. Nilikuwa nimepanda nyuma ya Auleria, na fulana tu, baridi ikiniogopa. Mgonjwa alikuwa jitu la kilo mia tatu, na theluji imefika kiunoni, na ile mashine ikaushika mwinuko, ikapaa juu ya vichwa vya watu, ikatua mlangoni pa zahanati kama njiwa, daktari mwenyewe akapiga magoti na—

"Mjomba Faustine."

Auleria amesimama nyuma yangu na karak mbili, anasoma ninachoandika. Sikumsikia akiingia.

"Mgonjwa alikuwa mwalimu mmoja mwembamba, kateguka goti. Na wewe ulikuwa nje ya kioo, umevaa koti lako na la kwangu juu yake, unakula chipsi. Andika kweli. Tulikwama."

"Mwanangu, msomaji hataki kusikia kukwama."

"Andika. Tulikwama kwenye ile kona, tukashika mkia mimi na Irene, tukanyanyua, tukafika. Hakuitwa mtu."

Sawa. Walikwama. Lakini ijulikane kwamba walikwama kwa kishindo, theluji ikaruka mpaka darini, kioo kikapasuka, na mimi kwa mkono mmoja nika—

"Mjomba!"