Benchi la Jego

Kila jioni akirudi kazini, kabla hajavua viatu, mama yangu mdogo huwasha kompyuta na kwenda kulitazama kaburi lake.

Si kaburi hasa. Ni benchi la mbao kando ya ziwa, ndani ya gemu la zamani ambalo watu wengi wameshalisahau. Kwenye egemeo la benchi pameandikwa: "Jego. Ndiye aliyeupa mji huu meno." Jego ni yeye. Husimama mbele ya kioo mkoba ungali begani, akahakikisha benchi lipo, ndipo anapovua viatu na kuniuliza kama nimekula.

Mama mdogo ni fundi wa meno ya bandia. Karakana yake iko nyuma ya kliniki, chumba chembamba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Daktari huchukua chapa ya mdomo wa mgonjwa huko mbele, na kinachomfikia yeye ni taya ya plasta yenye namba. Huipangia meno kwenye nta, huyakwaruza kidogo yasing'ae kupita kiasi, maana, anasema, mzee mwenye meno ya kijana hutisha wajukuu. Wenye taya yeye hawaoni, nao hawamwoni. Mpokea wageni wa kliniki ni mama mcheshi aliyebandikwa jina la Redio kwa kuwa hazimwi. Siku niliyompelekea mama mdogo funguo alizosahau nyumbani, Redio alinikamata mlangoni.

"Huyu mama yako mdogo huongea na meno kuliko na watu," alisema. "Sisi tuliokuja nayo mdomoni hatumfai."

Mama mdogo alikuwa nyuma yake, amesikia kila kitu. Alitabasamu bila kufungua midomo, akapokea funguo, akairudia nta yake.

Nilipomaliza chuo nilihamia kwake, nikapewa kitanda cha sebuleni, na kompyuta nayo iko sebuleni. Ndivyo nilivyojua habari za Jego. Dada yake, yaani mama yangu, hajui mpaka leo.

Gemu lenyewe halina vita wala mbio. Ni mji mdogo kando ya ziwa. Mchezaji hutembea, husalimia watu, huchuma maua, hutazama maji. Waliolitengeneza walijitahidi sana kwenye maji. Midomo ndiyo iliwashinda. Mtu wa mji ule akicheka, ulichokiona ni kitu kimoja cheupe mfano wa kipande cha sabuni. Wachezaji wengine walivumilia. Mama mdogo hakuweza. Kila aliposalimiwa aliona kazi mbaya.

Wako watu duniani ambao hulifungua gemu la wenzao, wakarekebisha kisichowaridhisha au wakaongeza kilichopungua, kisha wakagawa bure. Kazi zao huziita modi. Mama mdogo alijifunza kwao taratibu, kwa kusoma na kuharibu, mpaka akaweza kumpa kila mkazi wa mji ule meno yake mwenyewe. Muuza magazeti alipata mwanya. Mwalimu alipata jino la dhahabu. Wazee walipata meno yaliyolika upande mmoja, kila mtu upande anaotafunia.

Watu hao hawatumii majina waliyopewa na wazazi. Kila mmoja huja na jina alilojichagulia, na kumuuliza mtu jina lake la kweli kwao ni utovu wa adabu, sawa na kuchungulia dirisha la watu. Wengi walimdhania Jego mwanamume, wakamwita "kaka." Aliwaacha. Alisema kuitwa kaka hakujampunguzia kitu.

Aliyekuwa karibu naye zaidi ni mtu aitwaye Bawabu, mshika funguo wa ghala la mtandaoni zinamowekwa modi zote. Bawabu ndiye aliyelijaribu kila jino kabla halijawafikia wengine. Walifanya kazi pamoja miaka, na mazungumzo yao, ambayo baadaye mama mdogo alinionyesha, yalikuwa ya namna hii: "Magego ya mwalimu yanapenya shavuni." "Nimeona. Jaribu sasa." "Safi." Basi. Siku inayofuata, jino jingine.

Kisha bibi akaugua, na mama mdogo akaomba ruhusa kazini akaenda kumuuguza. Huko, siku moja akimwogesha bibi, simu ilimponyoka ikazama kwenye beseni. Ilikufa na namba yake, na barua pepe yake, na kila neno la siri lililomfungulia Jego mlango. Hakulijali hilo wakati ule. Ugonjwa ulikuwa mrefu. Bibi alipofariki, mama mdogo alichemsha chai ya waombolezaji na kuosha vikombe, na watu walipokuwa wanaondoka walimshika mkono mama yangu wakampa pole. Yeye walimuuliza masufuria yamewekwa wapi.

Aliporudi, Jego alikataa kufunguka. Akajisajili upya kwa jina la Kibarua, aingie japo awaeleze wenzake yaliyomkuta. Akalikuta benchi.

Inafaa kueleza desturi yao hapa. Kwa kuwa hawaulizani majina, hawana pa kumuulizia mtu akinyamaza. Hawawezi kupiga simu, hawawezi kugonga mlango. Kwa hiyo walikubaliana zamani kwamba aliyepotea miezi mingi bila neno huhesabiwa marehemu. Hujengewa ukumbusho ndani ya gemu, na kazi yake hufungwa kwa heshima, asiiguse mtu tena. Bawabu ndiye aliyelijenga benchi, na ndiye aliyegeuza ufunguo.

Mama mdogo alianza kuandika, "Jamani, mimi ni Jego, nipo." Kabla hajamaliza, Bawabu akatokea ndani ya gemu, mtu wa mchoro mwenye koti refu, akaketi kwenye benchi. Maneno yakapanda juu ya kichwa chake, wazi kwa yeyote anayepita: "Habari za jioni, ndugu yangu. Leo goti limeamka vibaya."

Mama mdogo akayafuta aliyoandika.

Tangu hapo Bawabu huja kila jioni, na Kibarua huwa karibu, amejifanya anachuma maua. Bawabu hulieleza benchi mambo yake. Binti yake akiandikiwa ujumbe hujibu kwa picha ya kidole gumba. Nyumba ina viti vingi kuliko makalio. Amejaribu kupika maharage, yameungua, ameyala hivyohivyo kwa kuwa hakuna wa kumcheka. Mama mdogo husoma yote, mikono mapajani. Siku ya maharage alicheka kwa sauti, nami nikainua kichwa kutoka kwenye kitabu changu, maana ni sauti nisiyoizoea.

Mwaka huu wenye gemu walitoa toleo jipya, na meno yakaharibika. Ya mwalimu yalihamia shavuni. Ya muuza magazeti yakawa yanaelea mbele ya pua yake kama nzi. Mama mdogo aliniita nije nione, tukacheka wote wawili mpaka machozi, kisha yeye akawa anamtazama tu mwalimu yule akipita na dhahabu yake shavuni.

Kurekebisha hakukumpa taabu. Michoro ya mwanzo ya kila jino anayo yeye peke yake, imo kwenye kompyuta yake, na alimaliza kazi mwisho wa juma. Akamwandikia Bawabu, kwa jina la Kibarua, kwamba ameweza kuyaponya meno na anaomba ghala lifunguliwe.

Jibu lilikuja siku iliyofuata. "Ndugu Kibarua, asante kwa moyo wako. Kazi ya marehemu haiguswi. Nikikufungulia wewe leo, kesho nitamfungulia nani? Angekuwepo mwenyewe, ni neno lake moja tu. Lakini hayupo."

Watu wakaanza kulalamika. Wengine walipiga picha za wakazi wenye meno kwenye paji la uso, wakazisambaza kwa dhihaka. Mmoja aliandika kwamba Jego alikuwa fundi wa viazi. Bawabu aligombana naye peke yake, ujumbe kwa ujumbe, kisha akatangaza kwa masikitiko kwamba dawa isipopatikana hadi mwisho wa mwezi atayaondoa meno yote, mji urudie sabuni yake.

Kwa hiyo neno lilikuwa moja. Kila jioni nilimwona mama mdogo akiliandika: mimi ni Jego, hii hapa michoro ya mwanzo, fungua. Michoro ingetosha kuwa shahidi. Hakuna mwingine duniani aliyenayo. Meno yangepona siku ileile. Na benchi lingeondolewa, kwa kuwa aliye hai hawekewi ukumbusho. Aliusoma ujumbe wake, akarekebisha nukta, akaupumzisha mkono juu ya kipanya. Halafu Bawabu akitokea na koti lake, mama mdogo akaufuta.

Mchana alifanya kazi kama kawaida. Redio aliniambia kwa simu kwamba safari hii hata meno hasemi nayo.

Siku ya mwisho wa mwezi alirudi mapema. Hakuvua viatu kabisa. Nililifunga kitabu changu nikavuta kiti nikakaa kando yake, na hakunifukuza. Tuliwaona wakazi wa mji wakipita, mwanya ukielea, dhahabu shavuni. Kisha, bila kishindo, meno yakatoweka. Muuza magazeti alimchekea mpita njia, na kinywani mwake mlikuwa na sabuni.

Bawabu akaja akaketi.

"Jego, nisamehe," yaliandikwa maneno juu ya kichwa chake. "Nimeyatoa. Niliyalinda nilivyoweza."

Mama mdogo akasogeza vidole kwenye kibodi, nikadhani sasa. Akaandika, kwa jina la Kibarua, neno moja: "Pole."

Mtu yule wa mchoro akageuka. "Asante, ndugu. Kumbe uko hapo. Ulimfahamu?"

"Kidogo," akaandika mama mdogo.

"Mimi pia, kidogo," alijibu Bawabu. Kisha akaligeukia benchi, akaanza kulieleza kwamba binti yake amesema huenda akaja kumtembelea, huenda asije.

Mama mdogo alisoma mpaka Bawabu alipoaga na kuondoka. Kisha akainama kufungua viatu, na nikamuuliza, kwa sauti ndogo, jambo nililokuwa nalo tangu mwanzo.

"Mama mdogo, mbona humwambii?"

Alivua kiatu kimoja, akakishika.

"Nilipokuwa hai, mwanangu, hakuwahi kunieleza habari za goti lake."