Fagio na Namba Arobaini na Moja

Mwenzangu wa ofisini tulimwita Fagio, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mtu gani anafanya kazi kliniki ya macho halafu mazungumzo yake yote ni kufagia takataka? Mimi kazi yangu printa na nyaya, ghorofa ya pili. Yeye, meza ya jirani na yangu, ndiye aliyeandika programu ya kuita wagonjwa kule chini, ile inayopanga namba kwenye skrini ya ukutani. Kila siku ikifika saa nne programu inavimbiwa, inaganda, na muuguzi wa mapokezi anapiga simu: "Fagio, mtoto wako kalala tena." Fagio anazima, anawasha, anarudi kwenye chai yake.

Ugonjwa wenyewe aliujua, na alinieleza mara nyingi kuliko nilivyoomba. Lugha ya kompyuta aliyoandikia programu ina mfagiaji wake wa ndani, anayetupa kitu chochote kisichoshikwa. Sasa, kila mgonjwa aliyeingizwa alishika chumba cha daktari wake, na chumba nacho kikamshika mgonjwa. Mtu ameshatibiwa, yuko kwake, amevua viatu, lakini ndani ya mashine wawili hao bado wameng'ang'aniana, na mfagiaji anawapita. Kufika saa nne, kumbukumbu ya mashine imejaa watu walioondoka zamani.

"Dawa yake ni kushika kwa ulegevu," aliniambia. "Unajua kitu kilipo, lakini hukizuii. Mfagiaji akikitaka, anakichukua."

"Kama wewe na ahadi zako."

Hakucheka. Fagio hana utani na kazi yake.

Asubuhi moja akaja na programu mpya, kifua mbele. Siku hiyohiyo mama yake mzazi alikuwa afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho, palepale kwetu. Daktari wa upasuaji huja mara moja kwa mwezi, na ikigonga saa sita humpati hata umvute koti. Mama alikuwa haoni tena nyuso. Wanawe aliwatambua kwa vishindo vya miguu. Fagio alimfikisha mapokezi saa moja, akamchukulia namba arobaini na moja, akamkalisha.

"Mama, wewe tulia tu. Programu yangu itakuita."

Kisha huyo, akapanda ngazi kwenda kuitazama programu yake.

Saa nne ikapita, mashine inapumua vizuri. Saa tano, kumbukumbu iliyotumika iko chini kuliko tulivyowahi kuiona. Fagio akapiga ngoma mezani kwa vidole, na mimi, Mungu anisamehe, nikampa mkono wa pongezi.

Saa sita na robo dada yake akapiga simu.

"Mama ameshatoka?"

"Bado, yuko chini."

"Yuko na nani?"

Tangu alfajiri watoto wote watano walikuwa wameandika kwenye kundi la familia, "Tuko pamoja, Mama." Pamoja wapi, hakuna aliyesema.

Tulishuka mbio. Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, karatasi ya namba imelowa jasho mkononi. Daktari alikuwa ameshaondoka.

Kumbe Fagio, bwana mkubwa, alilegeza kila mahali. Hata orodha ya wanaosubiri aliilegeza, eti usafi uzidi. Wagonjwa wa kawaida walinusurika kwa sababu faili zao zilikuwa wazi kwenye mashine za wauguzi, na hizo ziliwashika. Wa upasuaji walikuwa wanasubiri kuitwa tu, hawana wa kuwashika, mfagiaji akawazoa hata kabla hawajakaa vizuri. Wenzake mama watatu walipiga kelele, wakaandikishwa upya, wakatibiwa.

"Niliwasikia wakilalamika," mama alisema. "Nikawaambia tulieni, hii programu ni ya mwanangu."

Nimemtania Fagio miaka, lakini pale nilimwonea huruma, na nilikuwa na hasira naye pia.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja. Orodha ya mapokezi sasa inamshika mgonjwa kwa nguvu mpaka atoke mlangoni; vyumba ndivyo vinavyolegeza. Ilimchukua dakika kumi. Mama yake ilimchukua mwezi mzima wa ukungu.

Siku ya daktari ilipofika tena, nilishuka kubadilisha wino nikamkuta Fagio kwenye benchi, kamshika mama yake mkono. Programu ilikuwa haijaganda wala kupoteza mtu wiki nne.

"Mashine yako bado mbovu?" mama alimuuliza.

"Imepona, Mama."

"Sasa mbona huendi kazini?"

"Nipo hapa."

Mama akageuza uso upande sauti ilikotoka.

"Basi usinibane hivyo, vidole vinauma," akasema. Lakini mkono hakuutoa.