Maji ya Chini ya Shamba la Nyanya

Baba alipofariki, ardhi yake ya kijijini Kihanga iligawanywa sehemu mbili. Mimi mkubwa nikapewa kibanja cha juu, chenye migomba, mibuni na nyumba. Mdogo wangu akapewa bonde la kijito, ambako wakati huo hapakuwa na kitu ila matete na vyura. Wazee wa ukoo walinipa mkono wa pongezi.

Miaka michache baadaye mdogo wangu alifyeka matete yote akapanda nyanya. Magari ya wachuuzi kutoka mjini yakaanza kuteremka shambani kwake, yakipita mlangoni kwangu bila hata kupunguza mwendo. Akajenga nyumba ya mabati ya rangi. Mama, ambaye aliishi kwangu, hakuwa na hadithi nyingine. "Mwanangu wa bondeni," aliwaambia wageni, na ndizi walizokuwa wakila zimetoka kwangu. Kila mawingu yalipotanda niliomba mvua ya mawe, inyeshe bondeni tu.

Sote tulichota maji kijitoni, chini kidogo ya shamba lake. Mwaka ule maji yalibadilika. Mvua ikinyesha yalikuja mazito kama uji wa mtama, na jua likiwaka yalifanya utando wa kijani kando kando, wenye harufu ya dawa. Mama akaanza kuwashwa mikono hadi akajichuna ngozi. Nesi aliyemtibu katika hospitali ya Nyakahanga alituuliza swali moja tu: tunaoga maji gani?

Nilifuata kijito kwenda juu. Pale kwa mdogo wangu nikawakuta vibarua wawili wakisuuza pampu ya kupulizia dawa katikati ya maji. Pakiti tupu za sumu ya wadudu zilikuwa zimenasa kwenye mawe. Matuta ya nyanya yalifika ukingoni kabisa, na mbolea ya chumvichumvi ilikuwa ikiteleza na udongo kuingia majini. Siwezi kusema nilisikitika. Nilipanda kilima mbio kama mtu anayepeleka habari za harusi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. "Hata maji sasa ni kosa la mdogo wako?" akasema. "Punguza wivu, mwanangu. Utakuumiza."

Majirani nao walisema hivyo hivyo, ila kwa sauti ya chini zaidi. Kilichoniuma ni kwamba kuhusu wivu walikuwa sahihi.

Asubuhi nilimshika Mama mkono, tukateremka polepole hadi kijitoni. Alisimama akazitazama zile pakiti, kisha akaitazama mikono yake. Akamwita mdogo wangu.

"Shikamoo, Mama. Shikamoo, Kaka."

Mama hakuitikia. Alimwonyesha maji kwa kidole.

Mdogo wangu aliinama akaokota pakiti moja. "Nilidhani dawa inaishia kwenye majani," alisema. Halafu akanigeukia. "Kaka, kwa nini hukuanza kuniambia mimi?"

Nilimshika Mama mkono tena, nikasema jua limeanza kuwaka.

Alichofanya mdogo wangu baada ya hapo sikukitarajia. Aling'oa matuta ya ukingoni, akarudisha matete. Akachimba shimo mbali na maji, pampu zikawa zinaoshewa huko. Kisha akavuta bomba kutoka kwenye chemchemi iliyo juu ya shamba lake hadi barabarani, kwa ajili ya kitongoji kizima. Siku ya kufungua, mzee wa kanisa aliomba, wanawake wakapiga vigelegele, na Mama, mikono yake imeanza kupona, akatoa neno la shukrani kwa mwanawe wa bondeni. Aliyeziona pakiti hakutajwa na mtu.

Nilipanga foleni na dumu langu kama wengine.

"Kaka, pita mbele," mdogo wangu akasema.

Nikapita. Nilikinga kiganja nikanywa. Maji yalikuwa baridi, safi, hayana harufu yoyote. Nilitafuta kasoro nikaikosa, na hilo nalo likanikera mpaka nilipofika nyumbani.