Blanketi Lisilofunguliwa

Siku ya mwisho ya likizo yake Hamburg, Beldina aliamka akidhani yuko kwake Kaloleni, Nairobi. Nje ya dirisha ukungu ulikuwa mweupe kama maziwa, na ndani ya ule weupe honi ya meli ililia mtoni, nzito, ya kuvuta. Yeye aliisikia kama gari moshi la mizigo linalopita karibu na nyumba aliyoishi tangu aolewe. Akalala kimya akilingoja lipite. Kisha Habon akagonga mlango na chai ya tangawizi, na Ujerumani ikarudi.

"Mama Lorine, ukungu ukikaa hivi ndege haiendi," Habon alisema. "Utabaki na mimi."

"Nibaki na wewe, na unahama?"

"Nahama Desemba. Leo bado niko."

Habon, mama wa Kisomali aliyekulia Eastleigh, huko huko Nairobi, aliishi ghorofa moja chini ya Lorine, binti ya Beldina. Likizo yote Beldina alikuwa amelala kwake. Katika ukoo wao, mama mkwe halali nyumba moja na mume wa binti yake. Hampi mkono, hamtazami usoni, hamsemeshi moja kwa moja, mpaka mkwe alete blanketi na wazee wamfunike nalo mama huyo nyumbani kwake. Lorine na Job walioana haraka haraka kabla ya kusafiri. Mahari ilipelekwa, blanketi likasahaulika.

Huko soko la Kariokor, Beldina anakoshonea vikapu mikanda ya ngozi, wenzake walikuwa wameijadili safari hii kuliko yeye mwenyewe.

"Ghorofa ni paa moja," mmoja alisema. "Utakuwa umelala kwa mkwe, upende usipende."

"Wacha wewe!" Carolyne akamkata. "Kama ni hivyo, mtaa wa Kware na maghorofa yake yote ni familia moja. Kila mlango na nyumba yake, bwana. Mama, enda."

Akaenda. Sasa likizo ilikuwa imekwisha, na swali moja lilikuwa halijajibiwa. Lorine alikuwa na mimba ya miezi saba. Ya kwanza ilitoka, na hofu yake haikuwa imemwacha. Mama yake Job, ambaye ndiye angekuja kumwosha mtoto na kumpikia mzazi uji, alikufa zamani.

"Mama, Januari utakuja?" Lorine alikuwa akiuliza kila jioni, na kila jioni Beldina aliiangalia sufuria. Habon akihama, angelala wapi?

Asubuhi hiyo miguu ya Lorine ilikuwa imevimba, na daktari alishamwamuru asitoke kitandani. Waliagana hapo hapo kitandani. Lorine aliushika mkono wa mama yake akauweka juu ya tumbo, na huyo wa ndani akajipindua polepole kama samaki kwenye maji mazito.

"Job atakupeleka," Lorine alisema.

"Mimi na yeye? Peke yetu?"

"Ukungu ni mwingi, mama. Hamtaonana."

Wakacheka mpaka Lorine akashika mbavu.

Beldina hakuwahi kuuona vizuri uso wa Job. Alimjua kwa miguu. Alikuwa amemletea ndala za matairi kutoka Kariokor, akaziacha mlangoni, na asubuhi hiyo zilishuka ngazi mbele yake, juu ya soksi nene, zikibeba sanduku lake. Beldina akaingia kiti cha nyuma cha gari. Kando yake kilikuwa kimefungwa tayari kiti cha mtoto, kipya, hakina mtu.

Gari likaondoka. Taa za barabarani zilitokea moja moja na kuyeyuka. Madaraja yalikuja bila mito na kuondoka. Beldina aliona kama gari limesimama na mji ndio unaoogelea kuwapita. Mara Job akakohoa.

"Mtoto," alisema, macho yake barabarani, "hebu muulize nyanya yako kama anasikia baridi."

Beldina alishtuka. Akakitazama kile kiti kitupu. Akakigeukia.

"Mwambie baba yako sisikii. Na apunguze mwendo."

"Mwambie nyanya niko mwendo wa konokono."

"Mwambie konokono anaona njia."

Bega la Job likatikisika kwa kicheko. Daraja jingine likaja na kuondoka, ndipo akasema tena.

"Mtoto, mwambie nyanya usiku mama yako halali. Analia akidhani mimi nimelala. Mimi sijui kuosha mtoto. Sina mama wa kuniambia. Mwambie aliniachia ndala mlangoni, na mimi sikuwahi kumpa kitu chake. Kiko nyuma ya kiti chako."

Nyuma ya kiti kulikuwa na furushi la plastiki safi. Ndani yake, blanketi zito la rangi ya udongo mwekundu.

Beldina aliweka mkono kwenye mkanda wa kile kiti, akaupapasa kama anayepapasa shingo ya mtoto.

"Mwambie baba yako," alisema mwishowe, "hili halifunguliwi barabarani."

Ukungu ulipanda adhuhuri, na ndege ikapanda nyuma yake. Chini, mawingu yalitandaza mashamba meupe yasiyo na mwenyewe. Baada ya kubadilisha ndege Istanbul, Beldina aliketi karibu na msichana aitwaye Waruguru, aliyemwona akitetemeka na furushi mapajani.

"Aki mama, si ujifunike na hiyo blanketi?"

"Haijafunguliwa."

"Unapelekea nani?"

"Ni yangu."

"Sasa kama ni yako..."

"Ni yangu nikifika."

Waruguru alimtazama, akavua skafu yake akamwekea mabegani. Beldina alisinzia. Akaota yuko Kaloleni, amelala, na gari moshi la mizigo linapita polepole, kila behewa limebeba kiti kidogo, na katika kila kiti mtu asiyeonekana anamwambia jambo. Aliamka magurudumu yakigusa ardhi.

Tobias, ndugu wa marehemu mumewe, alimngoja uwanjani. Walipofika Kaloleni watoto wa shule walikuwa wakipita mbele ya ukumbi wa mtaa na mandazi mikononi, na wazee wawili wa ukoo walikuwa wameshaketi sebuleni kwake, makoti mwilini.

"Lorine alipiga," Tobias alisema. "Leta tuone."

Plastiki ilipasuliwa. Wazee walilipapasa blanketi, wakalinusa. Mmoja akasema huyu kijana amechelewa lakini hakununua chepesi. Tobias akalikunjua, akamfunika nalo Beldina kuanzia kichwani. Ndani mlikuwa na giza jekundu, lenye joto. Baridi ya safari nzima ikamtoka. Alipofunuliwa, aliomba simu.

Lorine alitokea kwenye kioo cha simu akiwa kitandani.

"Mgeuzie simu," Beldina alisema.

"Nani?"

"Mumeo."

Picha ikayumba, ikaonyesha dari, ndala, ukuta. Halafu uso. Ulikuwa mwembamba kuliko alivyodhani, na mwanya kwenye meno. Job alianza kuinamisha macho kwa mazoea.

"Job," Beldina akaita, "umekula?"

Yule kijana aliinua macho polepole.

"Bado, mama."

"Basi kula. Nikija Januari nataka chumba changu kiwe karibu na cha mtoto, na nisikukute umekonda hivyo."