Mama Mfuniko na makapu yasiyochunguliwa

Saa nne asubuhi moto unazimwa, na maharage bado ni magumu.

Mama Mfuniko anajua ni magumu kwa sababu ametoka kuonja punje moja sasa hivi, akaitema kiganjani na kuitazama kama mtu anayetazama jino lake lililong'oka. Kiini bado hakijalainika. Mpishi mwingine hapo angeongeza kuni. Yeye anachomoa magogo moja moja na kuyafukia vichwa kwenye mchanga ili yazimike, maana kesho yatawaka tena.

Kisha yeye na wifi yake wanapitisha mti kwenye masikio ya sufuria, wanainyanyua kwa pamoja na kuishusha taratibu ndani ya kapu kubwa lililo kando ya ukuta. Juu ya mfuniko linakuja blanketi, juu ya blanketi mto uliojazwa nyasi kavu, na juu ya yote kamba. Wanarudi kwa sufuria ya pili na kapu la pili. Halafu wanakaa kwenye benchi.

"Sasa tunangoja," anasema Mama Mfuniko.

"Wewe ndiye unayengoja," anajibu wifi yake, akijifuta jasho kwa upindo wa kanga. "Mimi namwomba Mungu."

Madarasani, wanafunzi zaidi ya mia tatu wa shule hii ya msingi wanasoma wakijua kwamba kengele ya chakula italia saa saba. Kabla ya hapo hakuna anayeruhusiwa kufungua kapu, hata kwa kuchungulia. Joto lililofungiwa humo ndilo litakalomalizia kuivisha, na likishatoka halirudi.

Mlangoni, limeegemezwa kwenye fremu, kuna shoka.

Limeletwa asubuhi na mlinzi wa shule kwa agizo la mwalimu mkuu. Gari la kuni halijafika wiki hii, na kuni zilizobaki zinatosha kuchemsha tu, si kuivisha. Makapu yakishindwa leo, mlinzi atazunguka nyuma ya madarasa akaangushe mti. Miti ile ilipandwa na watoto wenyewe, kila darasa na mti wake. Ilikuwa saba. Miwili imekwisha kugeuka majivu katika jiko hili hili, siku kama ya leo, gari lilipokwama. Unaofuata ni wa darasa la tatu, anakosoma mjukuu wa Mama Mfuniko.

"Ile miwili niliichochea kwa mkono wangu huu," anasema mpishi huyo. "Mibichi, moshi tupu. Watoto wamesimama pale dirishani wananiangalia. Hakuna aliyesema neno. Afadhali wangenitukana."

Jina la Mama Mfuniko alipewa na wanafunzi, na hawakumwonea. Chungu kilicho wazi humkera mwanamke huyu kuliko deni. Nyumbani kwake maji yaliyooshewa mboga humwagiliwa miche, taa huzimwa na anayetoka mwisho, na mifuko ya plastiki hufuliwa na kuanikwa kambani pamoja na mashati. Mumewe, fundi uashi mwenye mdomo, ana maneno yake kuhusu hilo.

"Nyumba hii hata kivuli kinatumika mara mbili," humwambia kila mgeni. "Ukiona mifuko kambani usishangae, ndizo suti zangu."

Ujuzi wa kapu aliutoa kwa mama yake mzazi, ambaye alikuwa akiifunga sufuria kwa blanketi ili baba akirudi zamu akute chakula cha moto. Siku moja mama alifunga maharage yaliyokuwa hayajaiva, akaenda kumwuguza jirani. Aliporudi akayakuta laini. "Mama alidhani kuna mtu aliingia akampikia," anasimulia Mama Mfuniko, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu.

Alipoingia jiko la shule, kuni mizigo sita ilikuwa ikiteketea kila wiki. Kwa makapu, mitatu haiishi. Moshi umepungua, na kikohozi alichokizoea kama jamaa wa nyumbani kimeanza kumtembelea kwa nadra.

Kuta za ndani za makapu amezishindilia masweta. Yote yalisahauliwa madarasani, yakakaa ofisini hadi ikaonekana hayana mwenyewe. Wenyewe walijitokeza baadaye, wakati yamekwisha kushonewa. Badala ya kudai, watoto walianza kujivuna. Kila siku saa ya mapumziko kulikuwa na mtoto anayekuja kugusa kapu na kuwaambia wenzake, "Sweta langu ndilo linapika."

Hiyo ilikuwa kabla ya mwezi uliopita.

Siku moja ya mwezi huo Mama Mfuniko alikuwa amekwenda kliniki kwa ajili ya kifua chake, akamwachia wifi yake jiko. Hapa wifi mwenyewe anadakia, macho yako sakafuni. Asubuhi nzima amepakata kopo la chumvi kama mtoto mchanga.

"Ni mimi niliyefungua," anasema. "Nilikumbuka sijatia chumvi. Nikafungua, nikatia, nikakoroga, nikafunika. Baadaye nikaingiwa na wasiwasi, nikafungua nione yamefikia wapi. Halafu nikafungua tena. Moyo haukutulia. Mimi nimezaliwa nakoroga, nitaachaje chungu peke yake?"

Kengele ilipolia maharage yalikuwa laini kwa nje tu. Watoto walikuwa na njaa, wakapakuliwa. Maharage yasiyoiva si ya kufanyia mzaha, na jioni ile watoto wa madarasa ya chini walitapika. Wote walipona kabla ya siku mbili, lakini mmoja wao alikuwa mjukuu wa Mama Mfuniko, ambaye bibi yake alikesha akimshikia beseni.

Kwa mwalimu mkuu, Mama Mfuniko alisema maneno matatu tu: "Jiko ni langu." Hakumtaja wifi. Tangu siku hiyo anayaacha maharage yachemke kwa nguvu muda mrefu zaidi kabla ya kuyafunika, na chumvi hutiwa mwisho kabisa.

Mjukuu naye alikwenda kwenye kapu, akachomoa sweta lake jekundu kutoka kwenye mshono, akaenda nalo. Tangu hapo huja shuleni na kipande cha mkate kwenye mfuko wa daftari. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Pengo la lile sweta bado lipo, na Mama Mfuniko amelizibia nyasi.

"Nyasi si kama sufu," anasema, akiligusa kwa kidole. "Kila nikipita naliona. Nasema, joto litapitia hapa hapa."

Saa tano na ushei mwalimu mkuu anaingia jikoni akijifanya anapita tu. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye wazazi walimjia juu akasimama upande wa mpishi wake, na anajua hawezi kusimama hivyo mara mbili.

"Yanaendeleaje, mama?"

"Sijui, mwalimu."

"Hujui?"

"Ningejua ningekuwa nimefungua."

Mwalimu anavuta pumzi kama anayetafuta harufu. Hakuna harufu. Kapu lililofungwa vizuri halinukii, na hilo ndilo linalowatia wote wasiwasi, kwa sababu jiko lisilo na moshi wala harufu huonekana kama jiko ambalo hakuna kinachopikwa.

"Yakiwa mabichi, watoto watakula saa tisa na mti utakuwa chini," anasema kwa sauti ya chini. "Na makapu haya sitaweza kuyatetea tena. Nimekwambia mapema usije ukasema nimekugeuka."

"Nimesikia, mwalimu."

Akitoka, anajipenyeza pembeni asiliguse shoka.

Kuna maneno kwamba mvumilivu hula mbivu. Aliyeyasema hakuwa na watoto mia tatu wanaongoja sahani. Wifi anainuka, anafagia palipofagiliwa, anarudi kukaa. Anainuka tena.

"Wifi, hata kidole tu? Nishike kamba nione kama ina joto."

"Ukishika kamba utafungua."

"Sifungui."

"Mwezi uliopita pia hukufungua, ulitia chumvi."

Wanacheka, lakini kicheko kinakatika njiani. Mama Mfuniko anaondoka kwenye benchi na kwenda kuketi juu ya kapu lenyewe, mikono imefumbata magoti. Anasema ni kumzuia wifi. Kisha anamwambia mwandishi wa makala haya kwamba anajizuia yeye pia.

"Naogopa," anasema. "Watu wanadhani nina uhakika kwa kuwa nasema kwa ukali. Sina. Leo maharage yametoka gunia jipya, pengine ni ya zamani, na ya zamani huchelewa kuiva. Nimeloweka tangu jana, nimechemsha, nimefunga. Baada ya hapo mikono yangu haina kazi, na mimi sijui kukaa na mikono isiyo na kazi. Nikikosea, sikosei peke yangu."

Dakika chache kabla ya saa saba mwalimu mkuu anarudi. Mlinzi yuko nyuma yake, amesimama karibu na shoka.

"Fungua wewe," Mama Mfuniko anamwambia wifi yake.

Wifi anamtazama aone kama ni kejeli. Si kejeli. Anaweka kopo chini, anafungua kamba, anaondoa mto, blanketi, mfuniko. Mvuke unampiga usoni, anarudi hatua nyuma.

Mama Mfuniko hachoti ya juu. Anashusha mwiko mrefu mpaka chini kabisa ya sufuria, anatoa punje chache, anachukua moja na kuibana kati ya kidole gumba na cha shahada. Inapondeka. Anabana ya pili na ya tatu. Anaifungua sufuria ya kapu la pili, lile lenye pengo, anafanya vilevile. Zinapondeka zote.

Anamnyooshea mwalimu mwiko. Mwalimu anatafuna, anasita, anatafuna tena.

"Chumvi bado," anasema.

Wifi yuko juu ya sufuria na kopo lake kabla sentensi haijaisha.

"Mlinzi arudishe shoka stoo?" anauliza Mama Mfuniko.

"Liache kwanza," anasema mwalimu mkuu, akifuta midomo. "Gari la kuni halijaja. Tuione na kesho."

Foleni inaundwa. Mjukuu wake anakuja na wenzake wa darasa la tatu, sahani kwapani, mkate mkononi. Akifika mbele anatazama kwanza kapu, halafu bibi yake.

"Bibi, leo mmefungua?"

"Hatukufungua."

"Hata wifi yako?"

"Hata wifi yangu. Nilikalia kapu."

Mtoto anafikiri. Anaurudisha mkate mfukoni na kunyoosha sahani. Mama Mfuniko anapakua kidogo sana, kijiko kimoja, mtoto anabaki amesimama mpaka anaongezewa.

Hapo wengine wangeshangilia. Yeye mchana wote anazunguka nje ya dirisha la darasa la tatu akijidai anaokota vijiti, masikio yako ndani. Tumbo la mtoto halitoi jibu papo hapo. Anasikia hesabu zikisomwa kwa sauti, anasikia mtu akikohoa, anachungulia haraka, kumbe ni mwalimu.

Mpango wake ni kapu la tatu, la uji wa asubuhi, ili gari la kuni likichelewa lichelewe tu bila kumtisha mtu. Akina mama wawili wa jirani wameomba awafundishe kufunga sufuria zao ndogo. Amewaambia wangoje kwanza. Anataka wiki nzima ipite salama ndipo afundishe mtu.

Saa ya kutoka mjukuu anakuja jikoni, mkoba mgongoni, mzima wa afya. Anavua sweta jekundu na kumkabidhi bibi yake.

"Limenibana," anasema. "Weka kwenye kapu."

Halijambana. Jana tu mikono yake ilikuwa ikimfunika mpaka vidoleni. Mama Mfuniko halisemi hilo. Anapiga magoti kando ya kapu la pili, anang'oa nyasi kwenye pengo, anaomba sindano kwa wifi yake, na wakati anashona, maharage ya kesho yanatiwa maji kwenye beseni, hatua chache kutoka pale lilipoegemea shoka.